Sadaka Isiyotaka Jina

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kiliyapokea kutoka Kiarabu, neno "sadaka" lina nasaba inayostahili kuzingatiwa. Lina ndugu yake katika Kiebrania, "tsedaka", na mzizi wa maneno hayo mawili ni mmoja. Katika Kiarabu mzizi huo hubeba maana ya ukweli. Katika Kiebrania hubeba maana ya haki na uadilifu. Kwa hiyo Myahudi amsaidiaye maskini, kwa mujibu wa lugha ya dini yake, hatendi hisani bali anatimiza haki. Sisi nasi humwita mtoaji "mfadhili", yaani mwenye kutenda fadhila, na aliyefadhiliwa hutarajiwa kuinamisha kichwa.

Tofauti hiyo si ya kamusi peke yake. Mwanachuoni wa Kiyahudi Musa bin Maimun, aliyefariki Misri mwaka 1204, aliipanga sadaka katika daraja nane. Daraja ya juu kabisa aliipa ile inayomwezesha mtu kujitegemea, kwa mkopo, kwa ushirika au kwa kazi, hata asihitaji kuomba tena.

Yuko tajiri mmoja wa Kiyahudi ambaye maisha yake yanafaa kusimuliwa hapa kwetu Kisii na Nyamira, ingawa sina habari kwamba aliwahi kuikanyaga ardhi yetu. Julius Rosenwald alizaliwa Springfield, jimbo la Illinois, Marekani, mwaka 1862, katika familia ya wafanyabiashara wa nguo waliotoka Ujerumani. Akiwa kijana alipelekwa New York kujifunza biashara kwa wajomba zake. Mwaka 1895 alinunua hisa katika kampuni ya Sears, Roebuck ya Chicago, iliyouza bidhaa kwa njia ya posta, na kuanzia 1908 hadi 1924 alikuwa rais wake. Utajiri alioukuta kwao ukawa mdogo mbele ya ule alioupata mwenyewe.

Mwaka 1911 alikutana na Booker T. Washington, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mtumwa na kuja kuongoza chuo cha Tuskegee. Mwaka uliofuata Rosenwald alitimiza miaka 50, akatoa zawadi nyingi, zikiwemo dola 25,000 kwa Tuskegee. Washington aliomba sehemu ya fedha hizo ijenge shule sita ndogo za watoto weusi wa mashambani Alabama. Kufikia 1932, mwaka aliofariki Rosenwald, shule zilizojengwa kwa mpango huo zilikaribia 5,000 katika majimbo 15 ya Kusini.

Sharti lake ndilo linalotuhusu. Hakukubali kujenga shule peke yake: jamii ilipaswa kuchanga, na serikali ya mahali ilipaswa kutoa fungu lake na kuitunza shule. Wakulima weusi walitoa mbao na nguvu zao, wakauza kuku na mayai, wengine wakatenga vishamba vya pamba ambavyo mavuno yake yalikuwa ya shule. Hesabu ilipofungwa, watu hao maskini walikuwa wamechanga dola milioni 4.7, na mfuko wa tajiri milioni 4.3. Wanyonge walimzidi mwenye mali!

Mgusii asomapo habari hiyo hahitaji mkalimani. Kabla Mzee Kenyatta hajalitangaza neno harambee kwa taifa mwaka 1963, Abagusii walikuwa na "egesangio", kikundi cha majirani waliolimiana mashamba kwa zamu. Shule nyingi za sekondari milimani kwetu zilisimama kwa pesa za kahawa, chai na pareto, na kwa mkungu wa ndizi ulionadiwa uwanjani. Mama aliyeleta kuku mmoja hakuitwa mfadhili. Jina lililosomwa mara tatu kwenye kipaza sauti lilikuwa la mheshimiwa aliyefika saa nane na bahasha.

Hapo ndipo njia zilipoachana. Rosenwald alikataa jina lake lisibandikwe kwenye jumba kubwa la makumbusho ya sayansi alilosaidia kuanzisha Chicago. Aliamuru pia mfuko wake usiishi milele, bali utumike wote katika muda wa miaka 25 baada ya kifo chake. Ukafungwa mwaka 1948. Huku kwetu nimeona kibao chenye jina la mtoaji kikimeremeta mbele ya madarasa yasiyo na madirisha.

Hata hivyo, tusimtukuze mtu kupita kiasi. Watu weusi wa Kusini walikwisha kulipa kodi, kisha wakachangishwa tena kwa ajili ya huduma ambayo wazungu waliipata kwa kodi hiyo hiyo. Ubaguzi katika shule haukuguswa na mpango ule. Mahakama Kuu ya Marekani ndiyo iliyouharamisha, mwaka 1954. Mchango haukuwa badala ya haki. Lakini katika madarasa hayo walisoma watu kama John Lewis, aliyekuja kuwa miongoni mwa viongozi wa kudai haki hizo.

Julai 2024, baada ya vijana kuandamana, Rais Ruto alitangaza kuwapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Wengi walishangilia, na walikuwa na sababu. Lakini marufuku pekee haiezeki darasa. Ninachopendekeza ni kwamba jamii ichange kwanza kwa hiari yake, serikali itimize wajibu wake kutokana na kodi, na mwenye nacho ajazie pengo kupitia akaunti ya shule, si jukwaani. Hesabu ya kila shilingi ibandikwe ukutani, mahali ambapo leo tunabandika majina.

Wahenga walisema, tenda wema nenda zako. Aghalabu tunaitaja methali hiyo kumfariji aliyelipwa ubaya kwa wema wake. Mimi naisoma kama amri kwa mtoaji: akishatoa, aende zake, asingoje kupigiwa makofi wala kura.