Bibi Ambaye Hajawahi Kushika Kalamu

Mpe bibi wa miaka themanini, mkulima wa migomba ambaye hakuketi darasani hata siku moja, karatasi yenye pembetano mbili zilizopishana, umwambie azichore vilevile. Atakutazama wewe, atatazama kalamu, na huenda akacheka. Kwa kipimo maarufu cha kumbukumbu kilichotungwa Marekani mwaka 1975, amekosa. Ashindwe na kuandika sentensi, tena ashindwe kutoa saba katika mia na kuendelea kushuka saba saba, ataondoka na alama za mgonjwa wa demensia. Jana yake aliuza mikungu sokoni na chenji ya kila mteja ilitoka sawa.

Namtaja bibi huyu kwa sababu ya neno ambalo watafiti wa demensia hupenda kulisema juu ya wazee wa vijijini, wahamiaji na Wamarekani weusi: hawapatikani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na demensia, na zaidi ya asilimia 60 yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mwaka huohuo Marekani iliidhinisha dawa ya aducanumab. Majaribio yake mawili makubwa yalikuwa na washiriki 3,285; weusi walikuwa 19. Na huko Marekani kwenyewe, wazee weusi hupata demensia karibu mara mbili ya wazungu.

Hasara si ya haki peke yake, ni ya sayansi pia. Mwaka 2001 watafiti waliowafuatilia Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis walitoa matokeo yao: kwa mwaka, demensia mpya ilionekana kwa asilimia 1.35 ya wazee wa Ibadan na asilimia 3.24 ya wale wa Indianapolis. Asili yao inakaribiana, maisha yako mbalimbali. Swali zuri la kwa nini wanatofautiana hivyo lisingezaliwa kama Idikan, mtaa wa Ibadan, usingebishiwa hodi.

Kubisha hodi nako kuna adabu yake. Marekani, wazee weusi wanakumbuka Tuskegee, ambako tangu 1932 hadi 1972 madaktari wa serikali waliwatazama wanaume weusi wakiugua kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kupatikana. Sisi tuna hofu ya mumiani, wanyonya damu. Gari geni linaloingia kijijini kuchukua damu halijawahi kuwa gari tu. Kilifi, pwani ya Kenya, mambo ni mazito zaidi, maana huko wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Babu anayetangatanga usiku na kuingia ua wa jirani bila kujua, familia itamfungia ndani badala ya kumtangaza. Ukiegesha gari lenye nembo ya hospitali mbele ya nyumba hiyo, umemtangaza wewe.

Maneno nayo yafungue mlango, yasiufunge. Sema umekuja kuchunguza ugonjwa wa akili, watu watasikia wazimu. Uliza kama kuna mzee "aliyerudia utoto" au anayepotea njia ya kisimani, na utaonyeshwa nyumba tatu.

Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ilionyesha namna ya kufanya. Kaya za huko zilikuwa zikihesabiwa tangu miaka ya 1990, kwa hiyo watafiti hawakukaa hospitalini kungoja wenye nauli. Waliwafuata wazee vijijini, wenye miaka 70 na zaidi, wakawapima 1,198. Baada ya kurekebisha kwa umri, asilimia 6.4 walikuwa na demensia. Kumbe maradhi yalikuwepo muda wote. Aliyekosekana ni mtu wa kuyatafuta.

Kutokana na kazi hiyo kikazaliwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA. Kalamu haimo. Mzee anaulizwa kiongozi wa kijiji ni nani, anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, na badala ya kuchora anapanga njiti za kiberiti zifuate umbo aliloonyeshwa. Wazo la njiti lilitoka Ibadan. Mimi naliona kuwa miongoni mwa mavumbuzi mazuri ya utafiti wa uzee barani, nalo bei yake ni kiberiti kimoja.

Hai ina jambo jingine linalostahili sifa. Baada ya kuhesabu, watafiti walirudi kujaribu tiba ya vikundi vidogo, wazee wakikaa pamoja kwa mazungumzo na shughuli za kuchangamsha akili. Watafiti wengi hawarudi. Wanachukua damu, dodoso na picha, na kijiji hakisikii tena habari yao. Msimu unaofuata anakuja mwingine, anakuta milango imefungwa, anaandika kwenye ripoti kwamba jamii ilikuwa na mwitikio hafifu.

Basi mtafiti akibisha hodi kwenu, mpeni kiti. Ila kabla mzee hajatia dole gumba kwenye fomu ya ridhaa, mwulizeni: majibu mtatuletea lini, na mtatusomea kwa lugha gani?