UKAGUZI WA MAGARI SI KAZI YA JUMA MOJA

Mtu akisimama alfajiri kando ya barabara pale Nyamuswa, katika nchi ya Waikizu, ataona magari ya kila namna yakijaza abiria na mizigo. Yako yanayokwenda Bunda na Musoma, na yako yanayoelekea Nata na Mugumu. Abiria huuliza nauli, huuliza saa ya kuondoka, huuliza kama pana nafasi ya gunia lake la mtama. Lakini swali moja halisikiki kabisa: Gari hili limekaguliwa na nani, na lini?

Swali hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo na wasomaji wetu, na hasa na wenye magari.

Watu wa Mkoa wa Mara hawana haja ya kufundishwa uchungu wa ajali. Tarehe 5 Septemba 2014 mabasi mawili yaligongana pale Sabasaba, Wilaya ya Butiama, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha yao. Hatusemi kwamba msiba ule uliletwa na ubovu wa breki. Makosa ya binadamu yana sehemu kubwa katika ajali za barabara zetu. Tunalosema ni kwamba dereva akikosea akiwa na gari zima, huenda akapata nafasi ya kujiokoa na kuwaokoa wenzake. Akikosea akiwa na gari bovu, nafasi hiyo imekwisha kuuzwa zamani.

Sheria haikosekani. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari bovu barabarani, na inampa askari uwezo wa kulizuia. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kushika kazi iliyokuwa ya SUMATRA upande wa nchi kavu, humtaka mwenye gari la abiria awe na leseni ya usafirishaji, na gari likaguliwe kabla ya kupewa leseni hiyo. Tena kila linapofika Juma la Nenda kwa Usalama magari hupangwa mistari, hukaguliwa, nayo hubandikwa stika kiooni.

Yote hayo ni mema. Lakini breki haisomi stika. Gari lililokuwa zima siku ya kukaguliwa laweza kuwa bovu baada ya mwezi mmoja, na katika barabara ya vumbi na mashimo laweza kuwa bovu baada ya safari moja. Kumkagua ng'ombe mara moja kwa mwaka, kisha kusema hawezi kuugua mpaka mwaka mwingine, ni jambo ambalo mfugaji yeyote wa Nyamuswa angelicheka. Kwa nini basi tunalikubali kwa gari linalobeba watoto wetu?

Tulitazame lori lililopakia marobota ya pamba. Breki zake hufanya kazi kwa nguvu ya upepo unaosukumwa na injini na kuwekwa katika mitungi. Ndani ya mitungi hiyo hukusanyika maji, na maji yasipotolewa huharibu vali na mabomba. Breki shuu nazo hulika kidogo kidogo. Lori zito likiteremka mlima mrefu huku dereva amekanyaga breki mfululizo, magurudumu hupata moto mkali, na breki zilizopata moto hupoteza nguvu yake pale pale zinapohitajiwa. Hitilafu za namna hii hazianzi siku ya ajali. Huanza na upepo unaovuja kwa sauti ndogo, au gari linalovuta upande mmoja likifungwa breki. Dereva husikia, na utingo huona. Kinachotakiwa ni mtu wa kuwasikiliza.

Tairi nayo husema umri wake. Ubavuni mwake pana tarakimu 4: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi iliyoandikwa 2319 ilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa ghalani. Kwa hiyo tairi yaweza kuwa na meno mazuri nayo ni kikongwe, na tairi kipara haihitaji hata kusomwa.

Sasa, kama mambo haya ni mepesi hivi, kwa nini hayatendeki? Sisi hatuamini kwamba ni ujinga. Ni hesabu. Dereva wa gari la abiria mara nyingi hupewa kiasi cha fedha anachotakiwa kumpelekea tajiri kila jioni. Gari likilala kwa fundi, hesabu haipo, na posho ya dereva haipo. Dereva akisema gari halifai, huenda akaambiwa kwamba wako wengine wengi wanaotaka usukani. Naye ana mke na watoto. Basi hunyamaza, hupanda garini na kuondoka. Siku ya msiba yeye ndiye anayetafutwa, kama hakufa. Aliyeamuru gari litembee amekaa nyumbani.

Haki haiwezi kukaa hivyo. Ndiyo maana tunapendekeza jambo moja lisilo na gharama kubwa: kila gari la biashara liwe na daftari lake. Kila asubuhi, kabla abiria hajapanda, dereva aangalie breki, tairi, nati za magurudumu, usukani, taa na mikanda. Aandike alichokiona na kutia sahihi. Tajiri naye asome na kutia sahihi. Fundi akitengeneza, aandike alichotengeneza na siku yake. Askari anaposimamisha gari njiani, aombe daftari kabla ya kuitazama stika. Ikiwa dereva ameandika kwamba breki zinavuja, na tajiri ametia sahihi bila kutengeneza, basi lawama itajulikana ni ya nani, na dereva maskini hataibeba peke yake.

Wenye magari watatujibu kwamba vipuri ni ghali na barabara ni mbaya. Ni kweli. Lakini barabara mbaya ni sababu ya kukagua zaidi, si ya kukagua kidogo. Na nati iliyolegea hukazwa kwa spana, si kwa mtaji.

Nao wakaguzi tunawakumbusha kwamba sheria kali huweza kuchakaa kama breki. Huko Kenya, mwezi wa Februari 2004, Waziri John Michuki aliwalazimisha wenye matatu kuweka mikanda na vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa. Magari mengi yaliondoka barabarani, yakarudi yakiwa yametimiza masharti. Lakini usimamizi ulipolegea, mazoea ya zamani yalirudi. Huku kwetu, kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 kilikuwa na uwezo wa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Idadi inayoruhusiwa ilijulikana. Haikukosekana kanuni, alikosekana wa kusema hapana. Na mkaguzi anayepokea hongo ili gari bovu lipite ameuza mali isiyo yake, maana ameuza roho za watu.

Ndugu abiria, nawe una wajibu. Gari likikujia limejaa, usilipande. Ukiona tairi kipara, sema kwa sauti, na wenzako waseme nawe. Tajiri asiyemsikia dereva wake atawasikia abiria kumi na wanne walioshuka pamoja na nauli zao mifukoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa namna hii hujengwa makaburini.

Kesho alfajiri magari yatajipanga tena pale Nyamuswa. Tunawaomba wenye magari wafike kabla ya abiria, wapige magoti kwenye vumbi, na watazame chini ya magari yao wenyewe.