Hasira inafungua duka, haijazi rafu



Wengi wetu tuliingia kwenye biashara kwa hasira. Mimi matokeo ya kidato cha nne yalitoka nina ziro, mjomba akasema mbele za watu kwamba nitaishia kubeba mizigo ya wenzangu. Wiki iliyofuata nilikuwa stendi nauza karanga na mayai ya kuchemsha, mtaji 15,000. Baada ya mwaka na nusu nikapanga fremu.

Ila hasira inataka ushahidi. Faida ya kwanza nikanunua simu kubwa, iliyofuata viatu, nikakodi bodaboda kwenda kwa mjomba ili anione. Aliniona. Akaniomba hela ya vocha. Narudi dukani sukari imeisha, mwenye fremu anataka kodi ya miezi mitatu. Nimekula mtaji kwa ajili ya mtu ambaye hata hakumbuki alichosema!

Watu hupenda kututolea mfano wa marehemu Reginald Mengi, aliyekulia kwenye umaskini Machame. Sawa, ingawa tusidanganyane, alipoanza biashara alikuwa tayari mhasibu msomi. Mimi ninachokipenda kwake ni kalamu. Miaka ya 1980 bidhaa zilikuwa adimu, hata kalamu ilikuwa shida kupata, akaanza kuziunganisha nyumbani kwake Dar es Salaam. Kitu kimoja, kinashikika mkononi.

Mimi changu ni bati. Nyumba ya mama kijijini inavuja. Fundi alipiga hesabu akasema bati 32. Nikaandika 32 kwa chaki nyuma ya mlango wa duka. Faida ikifika bei ya bati moja, naenda kulinunua siku hiyohiyo, maana hela ikilala mfukoni inageuka chipsi. Nikirudi nafuta, naandika 31. (Ukilipia ukaacha mzigo kwa muuzaji, dai risiti. Mimi nilishapoteza bati mbili, jamaa kanikana mchana kweupe.)

Sasa, utajuaje faida imefika bila kuandika? Hapo ndipo daftari la mauzo lilipoanza. Nilishaambiwa mara nyingi niweke hesabu, nikaona ni mambo ya wasomi. Bati ndizo zilizonilazimisha. Nikagundua mafuta ya kupima yananipa hela kuliko soda, na kwamba mikopo ya "nitakupa kesho" ilikuwa inanimaliza kimyakimya. Siku hizi mtu akija na hiyo kesho yake, naangalia mlango kwanza ndio namjibu. Na faida yenyewe sichukui yote, nusu inarudi kwenye rafu. Mwezi mbaya namba haishuki kabisa, inauma, lakini mtaji upo.

Leo mlangoni pameandikwa 6. Asubuhi mama kapiga simu, huko mawingu yameshaanza kufunga. Nimemwambia asogeze godoro upande wa jikoni, avumilie wiki hizi chache.