Programu Ipimwe kwa RAM Ndogo

Kwenye steshenari ya Manundu mjini Korogwe, au ya Handeni mjini, kompyuta moja huandika barua ya maombi ya kazi huku picha za pasipoti zikisubiri kuchapwa na kivinjari kikiwa wazi kwenye ukurasa wa ajira. Mara nyingi ni kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, yenye RAM ndogo, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi. Microsoft iliruhusu Windows 10 ya biti 64 iwekwe kwenye mashine ya GB 2, lakini hicho ni kiwango cha chini cha mfumo wenyewe. Kazi za mteja hazijahesabiwa.

RAM ikijaa, mfumo endeshi huhamishia sehemu ya data kwenye diski. Diski ya kuzunguka ni ya polepole mno kuliko RAM, ndiyo maana mashine hukwama. Hatari kubwa huja baadaye. Windows ikiishiwa hata nafasi ya akiba kwenye diski, hulikataa ombi la programu la kumbukumbu zaidi, na programu isiyoandaliwa kukataliwa huanguka. Linux kwa kawaida huahidi kumbukumbu zaidi kuliko iliyonayo. Ikizidiwa, huchagua programu moja na kuiua papo hapo, kazi isiyohifadhiwa ikapotea nayo.

Hatari hii hupimwa kwa majaribio mawili. La kwanza ni rahisi: endesha programu ndani ya kompyuta pepe (virtual machine) iliyopewa GB 2, au kwenye Linux uibane kwa amri ya ulimit. La pili lina kazi zaidi, na ndilo ninaloliamini. Watengenezaji wa SQLite, hifadhidata iliyomo karibu kwenye kila simu janja, hufanya ombi la kwanza la kumbukumbu likataliwe makusudi, kisha la pili, kisha la tatu, mpaka kazi nzima ipite bila kukataliwa. Kila mara hukagua kama SQLite imekabili kukataliwa huko ipasavyo.

Pa kukagua zaidi ni pale mtu anapohifadhi kazi. Programu inayofuta faili la zamani kabla ya kuandika jipya ikikatika katikati, mteja anakosa yote mawili. Iliyo salama huandika jipya pembeni, ikilimaliza ndipo hulipa jina la lile la zamani.

Ewe unayetengeneza programu ya duka au zahanati, kabla hujaileta Mkata au Mombo, ibane kwenye GB 2, fungua kivinjari pembeni, kisha hifadhi faili kubwa. Ikipoteza kazi ya mtu, bado haijafaa kuuzwa.