Je, Wajua? Rafiki wa utotoni atafurahi kuliko unavyodhani

Je, wajua kwamba wengi wetu humtamani rafiki tuliyepotezana naye, lakini kumtafuta hutushinda? Mwaka 2024 watafiti Lara Aknin wa Kanada na Gillian Sandstrom wa Uingereza walichapisha matokeo ya uchunguzi uliohusisha watu zaidi ya 2,400. Hata pale washiriki walipokuwa na hamu, nafasi na mawasiliano ya rafiki wa zamani, waliotuma ujumbe hawakufika nusu.

Njia ya kupata ujasiri ipo. Washiriki walipoanza kwa kuwatumia salamu marafiki wa sasa kwa dakika 3, zaidi ya nusu yao walimwandikia pia yule wa zamani.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2022, ulionyesha kuwa anayetafutwa hufurahi kuliko anavyodhani mtafutaji, hasa salamu zikimfikia bila kutarajia.

Basi mtafute uliyecheza naye kombolela na rede, mkatumwa dukani pamoja, mkachapwa pamoja kwa kuchelewa kurudi. Uliyoyasahau wewe, huenda yeye anayakumbuka. Mpigie leo, umjulie hali.