Ndoto za mama jukwaani: almasi ya Mama Nadi (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimwacha Lena Younger, mama wa A Raisin in the Sun ya Lorraine Hansberry (1959), akimwagilia mmea wake dhaifu kwenye dirisha linalopata jua kwa shida huko Chicago. Mmea ule hauna siri: watu wote wa nyumba wanauona, na hata mtazamaji asiyesoma anatambua kwamba mama huyu anataka nyumba yenye bustani na watoto watakaosimama wenyewe.

Leo tunarudi karibu na kwetu. Ruined ya Lynn Nottage ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2008, vilevile Chicago, ikapata tuzo ya Pulitzer mwaka 2009. Kabla ya kuiandika, Nottage alikwenda Uganda akawasikiliza wanawake waliokimbia vita vya Kongo. Mchezo unatokea katika baa ya mji wa machimbo ndani ya msitu wa Ituri. Msomaji wa Obokote, Lubutu au Punia hana haja ya kuelezwa mji wa namna hiyo: koltani mchana, bia usiku, na wenye bunduki wanaobadilishana zamu.

Mwenye baa ni Mama Nadi. Wako wanaosema hastahili jina la mama, kwa kuwa anakula kwa miili ya wasichana waliobakwa na kufukuzwa makwao. Ni kweli, na mwandishi hamtakasi. Ila wasichana hao hawana kwao kwingine, na yeye ndiye anayewalisha.

Mama Nadi anaficha almasi ambayo haijachongwa. Ukidhani ni tamaa ya mali, sikiliza anavyosimulia utoto wake: alipokuwa na miaka 11, mzungu alifika na karatasi iliyosema shamba la familia yao ni lake, likachukuliwa hivyo hivyo. Basi mama huyu anachotaka ni karatasi yake mwenyewe, ya ardhi ambayo hakuna atakayemwondoa. Almasi ni shamba lililokunjwa likaingia kiganjani. Hapa Maniema, ambako mwenye kibali cha machimbo anaweza kukuta watu wamelima pale tangu enzi za babu zao, ishara hiyo inauma kuliko inavyouma New York.

Kisha vita vinakaribia mlangoni. Sophie, msichana anayeimba na kuandika hesabu za baa, ameharibiwa mwili na anahitaji upasuaji, ule ambao hospitali ya Panzi, Bukavu, imejulikana nao tangu mwaka 1999. Mama Nadi anaitoa almasi, anamkabidhi mfanyabiashara Harari amchukue Sophie kwa daktari. Gari la watu wa misaada halisubiri. Harari anaondoka na jiwe, Sophie anabaki.

Wahakiki wengine huona hapo ndoto imekufa. Mimi naona kinyume. Alichopoteza ni jiwe; shamba alikuwa ameshalitoa kwa hiari, kwa ajili ya mtoto ambaye hakumzaa, naye hawezi kuzaa. Lena alinunua nyumba akiwa na watoto tayari. Mama Nadi anapata mtoto siku ile anapokosa shamba.

Wiki ijayo: Salima, na sufuria ambayo mumewe Fortune amesimama nayo nje ya baa.