Mafuta ya Jikoni kwa Ngozi ya Kila Siku

Samli, mafuta ya alizeti, mafuta ya nazi na nta ya nyuki vinatosha kutunza ngozi ya mtu mwenye afya. Vyote vinapatikana Musoma, Bunda na Butiama bila safari ya mbali. Matumizi yake mkoani Mara si mapya: kabla mafuta ya mgando hayajafika madukani, jamii za wafugaji, wakiwemo Wakuria, walijipaka siagi waliyoipata kwa kusukasuka maziwa kwenye kibuyu. Jambo jipya ni ushauri unaosambaa kwenye simu na vikundi, kwamba chochote kinacholiwa hakiwezi kudhuru ngozi. Ushauri huo si wa kweli, na tayari umewaachia watu wengi madoa usoni.

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni jembamba kuliko karatasi ya daftari. Limejengwa kama ukuta wa matofali: seli zilizokufa ndizo tofali, na mafuta yaliyo kati yake ndiyo udongo unaozishika. Mafuta hayo yakipungua, maji ya mwilini hupenya na kupotea hewani, ngozi ikapauka, ikawasha, mwishowe ikapasuka. Kuanzia Juni hadi Agosti, mvua zinapokatika, hali hiyo huonekana wazi Musoma na vijijini. Wanawake wanaoanika dagaa mialoni, wavuvi, na wakulima wanaoshinda miguu wazi mashambani hupata magaga visiginoni kabla ya wengine.

Sabuni nayo huchangia. Ngozi kwa kawaida ina uchachu kidogo, kipimo chake cha pH kikiwa karibu 5 (namba ikishuka, uchachu huzidi), ilhali sabuni ya mche hufika 9 au 10. Anayeoga mara mbili kwa siku kwa sabuni ya kufulia na maji ya moto huuondoa mwenyewe ule udongo wa ukuta. Kwapani, sehemu za siri, nyayo na viganja huhitaji sabuni kila siku. Mgongo na miundi kwa kawaida hutosheka na maji tu.

Mafuta hayaingizi maji kwenye ngozi. Huyazuia yaliyomo yasitoke. Kwa hiyo wakati mzuri wa kujipaka ni dakika chache baada ya kuoga, mwili ukiwa umefutwa kijuujuu na bado una unyevu. Mafuta yaleyale yakipakwa saa mbili baadaye, ngozi ikiwa imekwisha kukauka, hung'arisha kwa muda tu na ukavu hubaki chini yake. Watu wengi huilaumu chupa ya mafuta wakati kosa liko kwenye saa ya kupaka.

Katika mafuta ya kupikia, alizeti inastahili sifa kuliko inavyopewa. Ina kwa wingi asidi ya linoleiki, ambayo ngozi huitumia kujenga ule ukuta. Mwaka 2005 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa hospitalini nchini Bangladesh kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Waliopakwa mafuta ya mbegu za alizeti walipata maambukizi ya hospitalini kwa asilimia 41 pungufu kuliko ambao hawakupakwa. Mafuta ya mzeituni, yanayouzwa ghali kwa jina la urembo, yana asidi hiyo kidogo, na majaribio yameonyesha kuwa yanaweza kuulegeza ukuta wa ngozi badala ya kuuimarisha. Mwenye chupa ya alizeti jikoni hana sababu ya kuyatamani.

Alizeti iliyokamuliwa kwenye mashine ndogo huwa na mashapo. Iachwe itulie siku mbili tatu, imiminwe polepole, na mashapo yabaki chini. Mafuta ya pamba yanahitaji tahadhari zaidi, na Bunda ni wilaya ya pamba. Mbegu ya pamba ina sumu iitwayo gosipoli, inayoondolewa kwa kusafisha mafuta kiwandani. Mafuta ghafi yaliyokamuliwa kienyeji hayafai kuliwa wala kupakwa. Mafuta ya karanga yawekwe mbali na mtoto mwenye ukurutu au pumu ya ngozi, kwa kuwa karanga ni chanzo kikubwa cha mzio na ngozi iliyopasuka huupokea kirahisi. Mafuta yaliyokwisha kukaangia chapati au samaki hayana nafasi kabisa kwenye mwili wa mtu.

Nazi hutoka pwani, lakini Musoma inajulikana vya kutosha. Huganda chini ya nyuzi 24 hivi na kuyeyuka juu ya hapo, kwa hiyo chupa ileile huwa nzito alfajiri na majimaji adhuhuri. Hiyo si dalili ya kuharibika. Hufaa kwa mikono, miguu na nywele. Kwa mwenye chunusi, uso wake usipakwe nazi wala samli, maana huziba vinyweleo. Mba wa kichwani nao hauondoki kwa mafuta: fangasi anayeusababisha hula mafuta hayohayo.

Samli ndiyo yenye mizizi hapa. Siagi ina maji karibu asilimia 16, pamoja na mabaki ya maziwa, ndiyo maana ikikaa huchacha na kuota ukungu. Ikichemshwa kwa moto mdogo mpaka sauti ya maji kuchemka iishe, mabaki yakazama na kugeuka rangi ya kahawia, kisha ikachujwa, kinachobaki ni mafuta matupu yanayodumu miezi. Kwa ngozi, samli ni bora kuliko siagi kwa sababu hiyo. Harufu yake haimpendezi kila mtu, na huvutia nzi. Wengi huipaka usiku kwenye visigino na viwiko, wakavaa soksi. Haipakwi kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Hapo huweza kuingiza vijidudu, vikiwemo vya pepopunda. Kitovu huachwa kikavu na safi, au hupakwa dawa iliyotolewa na mhudumu wa afya pekee.

Nta huyapa mafuta umbo la kushikika. Wafugaji nyuki wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti wilayani Bunda, kama wenzao kwingine, hubaki na masega baada ya kukamua asali, na mara nyingi masega hayo hutupwa. Ni hasara isiyo ya lazima. Masega huchemshwa ndani ya maji, huchujwa kwa kitambaa, na yakipoa nta huelea juu kama bonge la manjano, uchafu ukibaki chini.

Kutengeneza mafuta mazito ya midomo na magaga huchukua chini ya saa moja. Gramu 20 za nta zikatwe vipande vidogo, ziwekwe pamoja na gramu 80 za mafuta ya alizeti, au nusu alizeti na nusu nazi, kwenye sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria kubwa yenye maji. Nta huyeyuka karibu nyuzi 63, kwa hiyo maji hayahitaji kutokota kwa nguvu. Isiwekwe moja kwa moja juu ya mkaa, kwa kuwa nta iliyopata moto kupita kiasi huwaka. Ikishayeyuka yote, tone moja lidondoshwe kwenye kijiko cha baridi. Likiganda gumu mno, mafuta yaongezwe kidogo. Likibaki teketeke, nta iongezwe. Mchanganyiko umiminwe kwenye kopo safi lililokauka kabisa na lisifunikwe mpaka upoe, la sivyo mvuke utageuka matone ya maji chini ya kifuniko.

Ukavu wa kopo una maana kubwa. Mafuta na nta bila maji havioti vijidudu kwa urahisi, ndiyo maana havihitaji dawa ya kuhifadhi. Tone la maji, asali iliyozimuliwa, juisi ya mshubiri au parachichi lililopondwa vikiingia humo, kopo linakuwa shamba la bakteria na ukungu hata kama harufu bado ni nzuri. Mchanganyiko wowote wenye maji, mtindi au tunda hutengenezwa wa kutumiwa siku hiyohiyo na unaobaki humwagwa. Mafuta yasiyo na maji nayo hayadumu milele. Alizeti huchacha mapema kuliko nazi. Ikikaa gizani, kopo la miezi mitatu hivi ni salama kulitegemea, na harufu ya karanga za zamani ni ishara ya kulitupa.

Ndimu na limau ndivyo vilivyodhuru nyuso nyingi. Uchachu wa limau hufika pH ya 2 hivi, mara nyingi zaidi ya uwezo wa ngozi kuuvumilia. Baya zaidi, maganda na maji yake, hasa ya ndimu, yana kemikali zinazoamshwa na mwanga wa jua. Mtu akipaka ndimu asubuhi kisha akatoka juani, ngozi huungua, hutoa malengelenge, na baada ya siku chache huacha alama nyeusi zinazoweza kukaa wiki au miezi. Musoma iko nyuzi moja na nusu tu kusini mwa Ikweta, na jua lake la adhuhuri ni kali mwaka mzima. Aliyepaka ndimu ili kufuta doa hujikuta ameongeza madoa mengine. Hakuna kipimo cha ndimu kinachofaa usoni.

Magadi soda huivuruga ngozi kwa upande wa pili, kwa kuifanya iwe na ualkali. Kitunguu saumu kibichi kilichofungwa kwenye chunjua au fangasi huunguza. Chumvi na sukari za kusugulia hufaa kwa visigino pekee. Usoni punje zake hukwaruza. Asali mbichi ikipakwa kwa dakika 15 na kuoshwa haina neno, na mtindi vilevile, mradi ngozi haina kidonda. Faida zake ni ndogo kuliko sifa zinazopewa.

Mafuta yoyote ya jikoni hayakingi jua. Kwa mtu mwenye ualbino hili ni suala la uhai, maana saratani ya ngozi huanza kwa vidonda vidogo vilivyodharauliwa. Anahitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, kama Kilisun inayotengenezwa Moshi kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC.

Thamani kubwa ya vitu hivi vya kawaida ni kwamba vinaweza kumtoa mtu kwenye mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zilizopigwa marufuku Tanzania zina haidrokwinoni, steroidi kali au zebaki. Zebaki ni madini yaleyale ambayo wachimbaji wadogo wa Buhemba, wilayani Butiama, huyatumia kukamatia dhahabu, na ni sumu. Ikipakwa kila siku hupenya mwilini na kuharibu figo. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, zilikubaliana mwaka 2023 kwamba ifikapo 2025 vipodozi vyote vyenye zebaki viondolewe. Steroidi nazo hufanya ngozi iwe nyembamba, na haidrokwinoni ya muda mrefu huishia kwenye weusi wa kibuluu mashavuni usiofutika. Anayeacha mkorogo ghafla anaweza kuvimba na kuwashwa. Hapo anahitaji daktari pamoja na mafuta ya kawaida.

Kabla ya kutumia kitu kipya, hata kiwe samli ya nyumbani, kidogo kipakwe ndani ya kiwiko na kuachwa siku moja. Kikiwasha, kiachwe. Upele unaowasha baada ya kuoga ziwani unaweza kuwa wa vimelea vya kichocho na hautibiwi kwa mafuta. Kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa, baka lisilohisi kuguswa, ukurutu unaotoa maji na upele wa mtoto mwenye homa vipelekwe kituo cha afya. Na anayetaka kuuza makopo yake mnadani au dukani ajue kwamba tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Aanzie ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa mafunzo, kisha asajili bidhaa yake kabla ya kopo la kwanza kumfikia mteja.